Kuchoma tairi kwa pikapu ya diseli: gia boksi inaumia wapi?

Swali: Habari yako fundi. Niko Lanet, hapa Nakuru, na nina Hilux ya diseli, injini ya lita 2.8, gia otomatiki. Wiki mbili zilizopita tulimsindikiza rafiki yangu kwenye harusi yake kule Njoro, na tulipofika nje ya ukumbi vijana wakaniomba nichome tairi. Nilishika breki kwa mguu wa kushoto, nikakanyaga mafuta mpaka moshi ukatoka. Nilipojaribu tena tairi halikuzunguka vizuri, mwenzangu akaniambia nipige resi nikiwa kwenye N (gia huru) kisha niingize D (ya kwenda mbele) ghafla. Nilifanya hivyo mara mbili. Tangu hapo, asubuhi nikitia R (rivasi) gari linakaa kidogo, halafu linashika kwa kishindo. Je, nimeua gia boksi? Na diseli inafaa kweli kuchoma tairi, ama hiyo ni kazi ya petroli?

Jibu: Ndugu yangu, huenda hujaiua, lakini imeanza kulalamika na wewe umeisikia. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua hayo mengine.

Diseli inachoma tairi vizuri sana. Injini yako, kama ni toleo la kuanzia 2020 lenye gia otomatiki, hutoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 500 ikiwa kwenye mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Gia ya kwanza na difu (zile gia zilizo katikati ya magurudumu ya nyuma) huuzidisha msokoto huo zaidi ya mara 10 kabla haujafika kwenye magurudumu. Na pikapu tupu ni nyepesi nyuma, kwa hiyo tairi halikawii kuteleza. Kuteleza huko ndiko kunakoiokoa gia boksi. Tairi ni kama fyuzi ya nyumba: likishaanza kuzunguka, mzigo unaorudi kwenye gia hauwezi kupita ule ambao lami inaweza kuushika. Kwa hiyo nasema, hata kama kuna mafundi watakaonipinga, zile sekunde za moshi zenyewe sizo zinazovunja gia boksi. Pikapu inayopanda miinuko ya Timboroa na magunia ya viazi vya Molo huitesa zaidi, tena kwa muda mrefu.

Maumivu yako kabla ya moshi na mwisho wa moshi.

Kabla ya moshi, umekanyaga breki na mafuta kwa pamoja, tairi bado limesimama. Injini ya otomatiki haijaungana na gia boksi kwa chuma. Katikati kuna konvata, ambayo husukuma mafuta ya gia kwa mapanga yake ili yazungushe upande wa pili. Upande wa pili ukiwa umezuiwa, nguvu yote ya injini haina pa kwenda, inageuka joto ndani ya mafuta hayo. Piga hesabu: Nm 500 kwenye mizunguko 2,000 ni zaidi ya kilowati 100. Ni kama kuwasha majiko 50 ya umeme ya kilowati 2 na kuyatumbukiza yote ndani ya gia boksi yako. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota vinamkataza fundi anayepima konvata kwa njia hiyo kuzidisha sekunde 5. Mafuta ya gia hupenda joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi. Yakipita 120 yanaanza kuzeeka haraka, na sili za mpira zinazoshikilia presha ndani nazo zinakakamaa. Gari limesimama, hakuna upepo wa mwendo wa kupoza chochote, na injini yenyewe inachemka. Tena breki ya mguu haishiki magurudumu ya mbele peke yake, inashika na yale ya nyuma unayoyataka yazunguke, kwa hiyo unakaanga breki za nyuma pia.

Lakini hayo, kama ulikuwa mwepesi, yangesamehewa. Lililonifanya nikae chini niandike ni hilo la N na D, na ningemwomba kila kijana wa Nakuru mwenye otomatiki alisikie. Ukiwa kwenye N, injini na konvata vinazunguka kwa kasi lakini pleti za klachi ndani ya gia boksi zimeachiliwa. Shafti inayopeleka nguvu nyuma imesimama kabisa. Ukiingiza D, presha ya mafuta inazibana pleti hizo, na zinatakiwa kulinganisha kitu kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika na kitu kilichosimama, kwa kufumba na kufumbua. Karatasi ngumu iliyobandikwa kwenye pleti inaungua. Mshtuko unaobaki unapita kwenye gia za ndani, kwenye krosi (viungo) za propela, ile shafti ndefu iendayo nyuma, kwenye krauni na pinioni, gia kubwa na ndogo za difu, hadi hafu shafti zinazozungusha magurudumu. Hapo ile fyuzi ya tairi haisaidii, kwa sababu pleti zimeshaumia kabla tairi halijaanza kuteleza. Kompyuta ya baadhi ya magari hupunguza resi kwenye N ili kumzuia dereva, lakini haiwezi kumwokoa kila mara. Mwenzako alikushauri vibaya, tena kwa mali ambayo si yake.

Mwisho wa moshi nao una hatari yake. Tairi linazunguka kwenye vumbi au maji, mara linakutana na lami kavu na kushika ghafla, huku mafuta bado yamekanyagwa. Uzito wa kila kitu kinachozunguka unagonga kwa pigo moja. Ukisikia nyuma ya gari ikirukaruka, toa mguu saa hiyo hiyo, kurukaruka huko ndiko kunakokata hafu shafti na krosi.

Rudi pale Njoro kama unaweza, uangalie alama uliyoacha. Ni mstari mmoja au miwili? Ikiwa ni mmoja, difu yako ilikuwa wazi: gurudumu moja lilisimama na lile lingine likazunguka mara mbili ya kasi ya krauni, huku zile gia ndogo za katikati zikipuruka juu ya pini yake. Sehemu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kukata kona, haivumilii kasi ya namna hiyo. Mafuta ya difu yamwagwe na kuangaliwa kama yana vipande vya chuma.

Sasa hiyo R yako. Gia boksi nyingi za Toyota zikiwa nzima hushika R ndani ya sekunde 1.5 tangu utoke N, na D ndani ya sekunde 1.2. Viwango hivyo ni vya mafuta ya gia yaliyokwisha kupata joto, kwa hiyo pima kwa saa ya simu gari likiwa limepata joto lake la kawaida na breki imeshikwa. Ikichelewa zaidi ya hapo, ama mafuta yamepungua, ama sili zinavujisha presha, ama pleti zimelika. Kile kishindo peke yake kinaweza kuwa kitu cha bei ndogo: raba ya kushikilia injini au gia boksi iliyochanika, au krosi ya propela iliyolegea. Hayo yaangaliwe kwanza, kabla ya mtu kukuambia ununue gia boksi nyingine.

Kisha mafuta. Gia boksi yako haina kijiti cha kupimia. Kiwango kinapimwa kwa nati ya chini, gari likiwa sambamba, injini ikinguruma, mafuta yakiwa kwenye joto lililowekwa na kiwanda, kwa hiyo usikubali kupimiwa kando ya barabara. Mafuta yakiwa ya kahawia na yananuka kama kitu kilichoungua, sufuria ya chini ya gia boksi ifunguliwe. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku iliyo ndani yake ni kawaida ya umri. Chembe nyeusi za karatasi, au vipande vinavyong'aa, vinamaanisha gia boksi ifunguliwe. Ikiwa sumaku ni safi au ina uji huo tu, badilisha chujio na ujaze mafuta ya aina ya WS, yale yale ya kiwanda.

Wenye manyuali wasijione wamepona. Ukiachilia klachi ghafla kwenye diseli, unaikaanga pleti, na flaiwili nyingi za kisasa zina springi ndani ambazo hukatika kwa mapigo ya hivyo. Na kwa gia ya aina yoyote, usichome tairi ukiwa kwenye fo-wili.

Hadi ikaguliwe, usibebe mzigo. Ukiipeleka kwa fundi, ipeleke jioni uiache ilale hapo, umwambie asiiwashe mpaka wewe ufike asubuhi. Hiyo R inachelewa ikiwa baridi, na ukifika saa nne ukiwa umetoka nayo Lanet hatasikia chochote.