Jibu: Jiko la kuni na mkaa lisilojaza nyumba moshi

Ndugu, umeuliza ni jiko gani litakalokuwezesha kutumia kuni, mkaa na magunzi ya mahindi bila kuijaza nyumba moshi. Kabla ya bei, angalia chumba cha moto: kiwe kirefu, kimezungushiwa udongo wa kuchoma unaohifadhi joto, na mlango wake wa kuni uwe mdogo wenye kichanja, ili hewa ipite chini ya kuni na moshi uungue kabla ya kuifikia sufuria. Mkaa, kwa upande wake, huhitaji wavu ulio karibu na sufuria. Kwa hiyo jiko lisilo na wavu wa kuondoa na kurudisha litafaa kwa nishati moja tu, hata muuzaji aseme nini. Kuni mbichi hutoa moshi katika jiko lolote.

Linalonihangaisha zaidi ni mkaa. Kwa kuwa hauonyeshi moshi, wengi huuingiza chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha, ilhali unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Tafadhali, hata ukipata jiko bora, pikia penye dirisha lililo wazi.