Imeli ya shemeji ina faili, nifungue?

SWALI: Dada shikamoo, niko Tabata, nina kompyuta ya nyumbani wanangu wanasomea, juzi imeingia imeli ina faili linaitwa risiti na aliyetuma ni shemeji yangu kabisa, ila sikumuuzia wala sikununua kitu, nifungue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usifungue, mpigie kwanza shemeji umuulize kama kweli katuma, maana kirusi kikishaingia kwa mtu kinaweza kujituma chenyewe kwa wote walio kwenye orodha yake, ndo kirusi cha ILOVEYOU kilivyosambaa dunia nzima Mei 2000 kutokea Ufilipino, watu waliona jina la rafiki wakabonyeza. Halafu tazama mwisho wa jina la faili, hapo ndo penyewe: risiti.pdf.exe siyo risiti, ni programu, na Windows kwa kawaida inaficha hizo herufi za mwisho kwahiyo we unaona pdf tu, nenda kwenye setingi uziweke zionekane. Antivairasi ipo humo humo kwenye Windows 10 na 11, bure, mradi uiapdeti, najua bando linauma ila hapo usibane jamani. Na kazi za watoto nakili kwenye flashi, ukimaliza ichomoe, ikibaki imechomekwa kirusi kinaifuata hukohuko.