Sanje kwa siku moja, na mama mwenye presha

Dada, nimekuelewa: mna Jumamosi moja tu, mnataka maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na mama ana presha. Inawezekana, ila laleni Mang'ula, kando ya hifadhi, Ijumaa. Ukitoka Dar alfajiri utaanza kupanda jua likiwa utosini.

Asubuhi anzieni geti la Mang'ula, mlipe na mpewe mwongozaji, ndipo mwende Sanje. Pesa ya kulipia ibaki kwenye kadi au simu. Ndani ya hifadhi hakuna barabara, ni miguu tu, kwenda na kurudi kama masaa manne. Njia inapanda mfululizo msituni, na mizizi ikilowa inateleza kama sabuni, kandambili ziacheni. Maji yanaanguka mita 170 kwa ngazi, na kwenye vidimbwi mnaoga. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, mimi nisingeenda.

Mama apimwe na daktari kwanza. Akibanwa kifua au kuona kizunguzungu, mgeuke hapo hapo. Asipoweza kabisa, karibu na geti kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, na mbega mama atawaona tu.