Kada nne ukumbi mmoja, wodini kila mtu na lake

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni tyuta wa uuguzi hapa Mwanza, chuoni kwetu kuna uuguzi, utabibu, maabara na famasia. Tuliambiwa tuwafundishe wanafunzi kwa pamoja, tukawaweka ukumbi mmoja somo la maadili, ila wakifika wodini kila kada na lake, hata kuulizana hawaulizani. Tunakosea wapi, na hii kitu inapimwaje?

JIBU: Marahaba mwalimu. Mlichofanya ni kugawana viti tu. WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2010 walisema kufundisha kada kwa pamoja ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanajifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao, sasa nyie mmebeba hilo la mwisho mkaacha mawili ya mwanzo.

Wapeni mgonjwa ambaye hakuna kada inammaliza peke yake. Huku ziwani hatutafuti mbali, chukua kesi ya mvuvi wa Ukerewe kaletwa anatapika damu, tumbo limejaa maji, bandama unaishika kabisa. Wanafunzi watano sita wa kuchanganya, karatasi moja ya mpango, sio kila mtu na yake. Yule wa utabibu akisikia tu mvuvi anarukia kichocho na prazikwanteli, na kweli kichocho cha tumbo kinaziba mishipa ya ini mpaka ile ya koo la chakula inavimba na kupasuka, kwa hiyo hajapotea sana, lakini wa uuguzi ndo kashika mkono wa mgonjwa anasema jamani presha inashuka mapigo yanakimbia, wa maabara anauliza sampuli ya grupu na krosimachi (kujua kundi la damu na kama ya kuongezewa inapatana na yake) mmeshachukua au bado maana damu haitoki kwenye friji kwa kuombwa kwa mdomo, wa famasia naye anasema hiyo dawa ya kichocho isubiri damu isimame, mgonjwa akitulia apimwe uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 60 ni vidonge 4 vya 600, na ale kwanza maana tumbo tupu kichefuchefu kinamsumbua. Halafu wa maabara anamalizia kwamba majibu ya choo yakirudi hayana mayai msifute kichocho, ugonjwa wa siku nyingi mayai yanakuwa machache na slaidi moja inaweza kuyakosa. Hilo la slaidi mwanafunzi wa utabibu akilisikia kwa mwenzake wa rika lake halitoki kichwani.

Sheria yangu moja, wa utabibu aongee mwisho. Akianza yeye wengine wote wanaandika alichosema (sisi madaktari tuna huo ugonjwa toka chuoni). Na wasimamizi wawe wawili wa kada tofauti, akiwa daktari peke yake hiyo ni raundi ya kawaida tu. Mkimaliza kaeni chini muulizane nani alijua kitu akanyamaza, na kwa nini alinyamaza. Hapo msiwe na haraka, mi naona ndo somo lenyewe.

Kuna wanaofika mbali zaidi, Linköping kule Uswidi tangu 1996 wanafunzi wa kada mbalimbali wanaendesha wodi wenyewe chini ya usimamizi. Msianze huko. Kama mnawapeleka hospitali ya Bugando au Sekou Toure ongeeni na inchaji, yaani msimamizi wa wodi, mpate kitanda kimoja.

Ratiba ndo itawatesa kuliko yote, kila programu ina masaa yake, kwa hiyo msiombe saa jipya, chukueni lile la kesi prezentesheni ambalo kila kada inalo tayari mliweke siku moja.

Kupima sasa. Maksi lazima ziwepo, bila maksi wiki ya pili hawaji. Ila maswali ya kuchagua a b c d hayafai, hayaoneshi kama mtu anaweza kufanya kazi na mwenzake. Nusu ya maksi iwe ya ule mpango wa kundi, wote sawa. Nusu nyingine kila mmoja akabidhi mgonjwa kwa kada nyingine kwa SBAR, ile iliyoanzia kwa wanamaji wa nyambizi Marekani: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba kifanyike. Anayesahihisha ni mwanafunzi wa kada inayopokea, na anajibu swali moja tu, kwa haya niliyoambiwa naweza kuanza kazi au inabidi nimpigie tena. Tyuta anapitia baadaye, maana wengine watabebana.