Mdomo tu ndio unaocheza: maswali yenu kuhusu katuni za zamani za kufundishia

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Wiki iliyopita niliwaonyesha wanafunzi katuni ya miaka ya 1950 kuhusu vijidudu. Wakaangua kicheko: mtu anaongea, mdomo tu ndio unaocheza, mwili umeganda kama sanamu. Akitembea, miti ya nyuma ni ileile inajirudia. Nikakosa la kuwajibu. Wale wachoraji walikuwa wavivu?

Marahaba, mwalimu. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Hebu tupige hesabu, na kipindi kijacho uipige ubaoni na hao waliocheka. Filamu yenye sauti hupita kwenye projekta kwa picha 24 kila sekunde. Dakika moja ni picha 1,440. Filamu ya dakika 10, urefu uliozoeleka sana darasani kwa kuwa inaenea kwenye rili moja ya futi 400, ni picha 14,400. Mchoraji akiruhusiwa kutumia kila mchoro kwa picha mbili, jambo ambalo hata studio kubwa zilifanya, bado anadaiwa michoro 7,200. Na kila mchoro una safari yake: unachorwa kwa penseli, unanakiliwa kwa wino kwenye plastiki angavu, unapakwa rangi kwa nyuma, unasubiriwa ukauke, ndipo unapelekwa chini ya kamera. Wahusika wakiwa wawili, kazi inaongezeka.

Katuni ya kwenye majumba ya sinema ilikuwa na tiketi za kurudisha gharama. Ya kufundishia ilikuwa na mfadhili mmoja tu, iwe wizara, chama cha wafanyakazi au kampuni, aliyetoa fungu moja na kutaka kazi ifike siku fulani. Basi mchoraji akajiuliza swali moja: ni kitu gani lazima kisogee ili mtoto aelewe?

Jibu lake nililiona kwa macho yangu. Miaka mingi nilitunza filamu katika maktaba ya chuo cha ualimu. Siku moja mkanda wa filamu ya kunawa mikono ulikatika, nikaulaza juu ya meza yenye taa ili niuunge, na kwa kuwa lenzi ya kukuzia ilikuwa mkononi, nikaanza kuhesabu. Baba wa familia alikuwa anawaeleza watoto jambo. Kichwa chake, mabega na mkono ulioinuliwa vilikuwa mchoro uleule kwa picha 96, yaani sekunde 4 nzima. Kilichobadilika ni midomo, nayo ilikuwa 6 tu, inapokezana. Mbele kidogo baba anatembea kwenda bombani, na pembeni ya goti lake la kushoto kuna alama ya kidole. Mtu aliishika ile plastiki rangi ikiwa mbichi. Alama ikapotea, na baada ya picha 16 hiyo hapo tena, gotini palepale. Nikahesabu 16 nyingine, ikarudi. Michoro 8, kila mmoja umepigwa mara mbili, ndiyo safari nzima ya kutoka mezani hadi bombani. Nilikaa na kile kidole muda mrefu. Kuna mtu alikuwa anakimbizana na siku, mkono wake bado una rangi, na kazi yake ikafika hadi mezani kwangu.

Kisha nikafika kwenye maji. Hapo hakuna kilichorudiwa. Povu linaingia katikati ya vidole, vijidudu vinang'ang'ania kwenye kucha, vinateleza, vinaondoka, na kila hatua ina mchoro wake. Fungu lote lilikwenda pale. Jicho la binadamu hufuata kinachosogea, kwa hiyo baba alipoganda na maji yakacheza, mtoto alijua pa kutazama bila kuambiwa. Waambie wanafunzi wako waitazame tena ile ya vijidudu wakitafuta mahali mchoraji alipotumia michoro mingi. Nina hakika patakuwa mahali penye somo.

Tena, mwalimu, wapo waliobana kwa kupenda. Waanzilishi wa studio ya UPA ya Marekani walitoka Disney kipindi cha mgomo wa 1941, na hawakutaka tena wahusika wa mviringo na mwendo laini kila dakika. Katikati ya miaka ya 1940 walitengeneza *Brotherhood of Man* kwa fedha za chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, UAW. Filamu hiyo imetokana na kijitabu cha wanaanthropolojia Ruth Benedict na Gene Weltfish kilichopinga ubaguzi wa rangi. Watu wake ni mistari michache na rangi tambarare. Chuki imechorwa kama kijitu cha kijani kinachochomoza ndani ya mtu na kumnong'oneza. Kwangu mimi mafundisho mengi marefu hayafikii kile kijitu.

Mbona filamu hizi zina msimulizi anayeongea mwanzo hadi mwisho? Na nyingine zinaanza na katuni halafu ghafla wanatokea watu halisi!

Msimulizi asiyeonekana hana mdomo wa kuchorwa. Na zaidi ya hapo, filamu ikihitajika kwa lugha nyingine, unabadilisha sauti tu, picha zinabaki zilivyo. Ndiyo maana mimi humpima mtengenezaji kwa sauti kwanza. Msimulizi akiwa na haraka au akihubiri, hata mchoro mzuri hauokoki.

Kuchanganya na watu halisi nako ni kubana matumizi. *Duck and Cover* ya Marekani, iliyotengenezwa 1951 kufundisha watoto kujikinga na bomu la atomiki, inaanza na katuni ya kobe Bert anayejificha ndani ya gamba lake. Katuni ni kipande kifupi, na sehemu kubwa inayobaki ni wanafunzi wa kweli waliopigwa picha wakiingia chini ya madawati. Lakini waliosoma zama zile wanamkumbuka kobe.

Shikamoo mama. Marehemu baba alikuwa bwana afya, ameacha makopo 11 ya filamu za milimita 16. Nimefungua moja, harufu ya siki ikanipiga usoni, na picha zote zimekuwa nyekundu. Nizitupe?

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Usitupe hata moja, tafadhali.

Hiyo siki ni ya kweli. Plastiki ya filamu hizo ni asetati, na ikikaa kwenye joto na unyevu huachia asidi ileile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo inaharakisha uharibifu wa mkanda wenyewe na inaweza kuambukiza makopo ya jirani. Kwa hiyo leo hii litenge kopo linalonuka. Mengine yafungue yapate hewa, kisha yaweke mahali pakavu na pa baridi kuliko pote ulipo napo, mbali na paa na jua. Usiuweke mkanda kwenye projekta. Asetati ikichakaa husinyaa, matundu ya pembeni hayakai tena kwenye meno ya mashine, na kwa dakika moja utachana kilichodumu miaka sitini.

Wekundu ni jambo jingine. Nakala nyingi za rangi za miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilitumia rangi zisizodumu: ya samawati hufifia mapema, nyekundu hubaki. Picha yenyewe ipo, na mtaalamu akiiskani anaweza kurudisha sehemu ya rangi kwenye kompyuta. Kama huwezi kulipia zote, anza na lile lenye siki, kwa maana ndilo lisilo na muda. Na kabla ya kulipa, soma karatasi zilizomo ndani ya makopo. Huenda baba aliandika tarehe na mahali alipoonyesha filamu, na mwandiko wa baba yako haupatikani kokote kwingine.

Binti yangu ana miaka 10, anataka kutengeneza katuni ya kuwafundisha wenzake kuvuka barabara. Hatuna kompyuta, ila simu ipo.

Inatosha! Norman McLaren, aliyejiunga na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada mwaka 1941, alichora kwa kalamu juu ya mkanda wenyewe bila kamera yoyote, na mara nyingine hata sauti aliichora pembeni mwa mkanda. Michoro yake inatetemeka, na kutetemeka huko ndiko kunakoipa uhai. Kwa hiyo mistari ya binti ikitikisika, usimsahihishe.

Mpe karatasi 8, uzitoboe matundu mawili mahali pamoja zote, na misumari miwili kwenye kibao ili zisihame. Achore mtu anayetembea, akiweka karatasi dirishani ili aone mchoro uliotangulia. Mchoro wa 1 na wa 5 ni hatua zilizopanuka, mguu wa kulia mbele, kisha wa kushoto. Wa 3 na wa 7, miguu inapishana. Kichwa kishuke kidogo kwenye wa 2 na wa 6, kiinuke kwenye wa 4 na wa 8. Apige picha zote kwa simu iliyotulia, azirushe 12 kwa sekunde, azizungushe. Mtu wake akiruka anapotoka mchoro wa 8 kurudi wa 1, aurekebishe wa 8, asiguse mingine.