Nililia Namugongo: Je, Palikuwa Mahali Penyewe?

SWALI: Mhariri, mimi ni Mlutheri wa Bukoba. Nilikwenda Kampala kwenye mahafali ya mdogo wangu, na siku ya kurudi mwenyeji wetu, ambaye ni Mkatoliki, akatupitisha Namugongo, mahali pa hija nje kidogo ya Kampala, kwa kuwa basi letu lilikuwa la usiku. Nilidhani nitapiga picha mbili tatu na kuondoka. Nilipoelezwa, nikiwa mbele ya altare ya basilika, kwamba hapo ndipo Karoli Lwanga alipochomwa moto, machozi yalinitoka mbele za watu nisijue yametokea wapi. Kwenye basi, abiria Mwanglikana akaniambia kwamba mashahidi wa Uganda, yaani wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, hawakufia pale bali upande wa kanisa lao. Je, nililia mahali pasipo penyewe? Na je, Mlutheri anafaa kusimama pale kwa heshima kiasi kile?

JIBU: Dada yetu, mwenyeji wako na abiria mwenzako wote wamesema kweli, ila kila mmoja amekueleza nusu. Juni 3, 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, Karoli Lwanga, aliyekuwa kiongozi wa vijana waliohudumu katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, kwa moto wa taratibu ulioanzia miguuni. Altare uliyoiona imejengwa hapo. Wenzake, Wakatoliki kwa Waanglikana, walipelekwa mbele zaidi kwenye lundo la kuni, wakaviringishwa katika mikeka ya matete na kuteketezwa pamoja, na hapo ndipo Waanglikana wanapowakumbuka. Kwa hiyo ulilia mahali penyewe, ingawa ni pa kifo cha mtu mmoja.

Hata zile nguzo 22 za basilika, iliyojengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, zisikuchanganye. Zinawahesabu mashahidi wote Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, wakiwamo Yosefu Mukasa, aliyeuawa Novemba 1885, na Yohane Maria Muzeeyi, aliyeuawa Januari 1887, ambao hawakufia Namugongo kabisa.

Kwa maoni yetu, kinachostahili machozi zaidi kiko upande ule ambao hukufika. Vijana wale walihukumiwa Munyonyo mwishoni mwa Mei, wakatembezwa wamefungwa hadi Namugongo, wakasubiri takriban juma zima huku kuni zikikusanywa. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alimkuta miongoni mwao Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani kwake mwenyewe. Akambembeleza aikane imani, au akubali tu kufichwa, naye akakataa. Mwishowe Mukajanga aliamuru apigwe shingoni afe kwanza, asije akausikia moto. Hiyo ndiyo huruma iliyopatikana siku ile. Lundo lilikuwa moja kwa madhehebu yote mawili, na ndiyo maana Papa Paulo, alipowatangaza Wakatoliki, hakuacha kuwataja Waanglikana, na Papa Fransisko alipofika Novemba 2015 alizuru pande zote mbili. Ubishi wa kwenye basi umechelewa kidogo.

Kuhusu Ulutheri wako, huna la kuogopa. Kifungu cha 21 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo kanisa lako linalishika hadi leo, kinaruhusu watakatifu wakumbukwe ili tuige imani yao na matendo yao mema. Kinachokataliwa ni kuwaomba. Wewe hukuomba chochote kwa Lwanga, ulilia tu, na hilo halikatazwi na ungamo lolote tulijualo.

Ukirudi, anzia upande wa Waanglikana, penye makumbusho yenye sanamu za ukubwa wa binadamu zinazoonyesha mateso yale, kisha ndipo uende kwenye basilika. Ukipenda utulivu, epuka Juni 3, kwa maana siku hiyo mahujaji hufurika, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Kongo, na hata kuiona altare ni shida.