Usukani kutetema na gari kuvuta kushoto

Kaka, umesema usukani wa Corolla yako unatetema, gari inavuta kushoto, na unaambiwa ubadilishe reki nzima (mtambo unaogeuza matairi ya mbele ukizungusha usukani). Usikubali kabla hujapima upepo wa matairi. Tairi la mbele kushoto likipungua upepo, gari inavuta hukohuko. Kutetema kuanzia spidi 80 mara nyingi ni balansi, yaani uzito wa tairi hauko sawa pande zote. Ikitetema ukikanyaga breki tu, angalia diski.

Kisha piga jeki mbele, weka stendi ya kushikilia gari, shika tairi pembeni kwa mikono miwili ulitikise kulia na kushoto huku mwenzio akiangalia chini. Likicheza, tairodi au reki endi (vyuma vinavyounganisha reki na tairi) imeisha. Likicheza ukishika juu na chini, ni beringi ya tairi au boljointi (kiungo cha duara kinachoshikilia tairi kwa chini). Boljointi ikiwa imelegea, tafadhali usisafiri nayo, ikichomoka tairi linalala. Alaimenti, yaani kupanga matairi yaelekee sawa, fanya mwisho kabisa.